Makamasi ya Rangi Gani

Saa kumi na mbili kasorobo, Newala imemezwa na ukungu,
hata paa la jirani Namkopa silioni,
nasikia tu jogoo wake akikohoa badala ya kuwika.
Ndani, Somoe anapiga chafya.
Moja. Naendelea kukoroga uji.
Mbili. Naweka mwiko chini.
Ya tatu haiji,
na hiyo isiyokuja ndiyo inayonitia mashaka.

Mama yake angejua.
Yuko Ndanda, wodi ya wazazi, anamuuguza mdogo wake
aliyejifungua kwa kisu.
Kaniachia funguo, deni la sukari dukani,
na mtoto mmoja wa darasa la pili.
Yeye huweka mgongo wa kiganja shingoni mwa mtoto
kwa muda wa kumeza mate,
akasema "nenda" au akasema "rudi ulale,"
na sijawahi kumwuliza kiganja kinamwambia nini.

Naweka changu.
Changu kimebangua korosho miaka kumi na moja,
mafuta ya maganda yamekichuna, kikaota, yakakichuna tena,
hakijui moto tena, kinabahatisha.
Shingo ya mwanangu ina joto.
Nagusa na ukuta. Ukuta nao una joto.

Halafu kuna salfa.
Mwezi wa saba, nani huku hana mafua?
Mikorosho imevaa vumbi,
kijiji kizima kinapenga, mbuzi wanapenga,
alfajiri imamu alikatiza aya akapiga chafya,
safu nzima nyuma yake ikamfuata.
Basi nasema: ni vumbi hilo, litatoka, vaa sare.
Kisha nasema: vumbi halimfanyi mtoto aache kiporo cha muhogo.

Napiga simu. Mtandao unakuja na kupotea kama mtu anayedaiwa.
"Makamasi ya rangi gani?" Ndiyo salamu yake.
Rangi?
"Ya maji au ya mgando? Mtoe nje kwenye mwanga."
Namtoa nje. Mwanga wenyewe haujafika.
Nawasha tochi ya simu, simu inakatika,
nabaki nimeinama na kitochi changu,
mwanangu kaninyanyulia pua kama ndama kwa bwana mifugo.
"Baba, unatafuta nini?"
Sijui, mama.

"Leo zamu yangu ya kengele," anasema,
na hapo ndipo mambo yanapoharibika.
Kengele yao ni rimu ya lori, inaning'inia nje ya ofisi;
wiki mbili hizi amejifunzia kwenye sufuria langu,
lina mabonde sasa, haliketi vizuri mafigani.

Lakini dawati lao wanakaa wanne,
na wa kushoto kwake ni Tatu, mjukuu wa mzee Chitanda,
Tatu wa pumu,
aliyebebwa usiku kwa pikipiki mwezi wa tano
nasi tumesimama barabarani na kanga za kuazima
tukiusikiliza ule muungurumo
mpaka ukaisha masikioni.
Wenzake wanavuta hewa. Yeye anaiomba.

Chafya ya tatu inakuja. Ndefu, yenye maji.

Namvua kiatu cha kushoto. Cha kulia.
Halii. Angelia ningepata la kufanya.

Saa moja na nusu rimu inalia ndani ya ukungu.
Somoe kashika kikombe cha mchaichai, anahesabu kwa midomo.
"Kapiga saba. Zinatakiwa kumi.
Na anapiga katikati. Katikati hakuna sauti, Baba, unapiga pembeni."
Utapiga kesho.
"Kesho zamu ya Nambunga."

Saa tatu pua yake ni kavu.
Kavu kabisa, unaweza kuianikia ufuta.
Anaomba muhogo. Anakula wake, anakula na wangu,
anauliza kama sufuria lina kazi.

Simu inaita.
"Enhe, umeamuaje?"
Nafungua mdomo nimweleze yote, kuanzia ukungu,
napiga chafya.
Kimya kule Ndanda.
Kisha: "Yako ya rangi gani?"